Kupona kwa Ngozi Yako, Si Kupona Peke Yako

Undugu una ukomo, na sikuwahi kuuona waziwazi mpaka nilipomuuguza mdogo wangu. Tumelelewa tukiamini kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba ndugu akipungukiwa, ndugu hujazia. Akikosa ada, tunachanga. Akihitaji damu, tunanyoosha mkono. Lakini mdogo wangu alipolazwa akiwa amechunika ngozi ya mguu kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, nami nikamwambia daktari wachukue ngozi ya paja langu wamfunike, jibu lilikuwa fupi: "Haitakaa, dada. Mwili wake utaikataa. Tutachukua ya kwake mwenyewe."

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Lori lilimbana kando ya barabara, akaanguka na kuburuzwa kwenye lami huku pikipiki imemlalia mguu. Mfupa haukuvunjika, na kila aliyekuja kumjulia hali alimshukuru Mungu na kusema afadhali, ni ngozi tu iliyotoka.

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ya mtu mzima ukiitandaza inakaribia mita mbili za mraba. Ndiyo inayozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Mkwaruzo mdogo hujifunga wenyewe, kwa kuwa chembe hai za ngozi husogea kutoka kingoni na kukutana katikati. Kidonda kipana kilichokula unene wote wa ngozi ni habari nyingine. Kingo ziko mbali mno, hivyo hukaa wazi kwa miezi kikitoa maji na kukaribisha uchafu, na hata kikijifunga, hujifunga kwa kujivuta. Ndiyo maana mitaani tunakutana na watu wazima ambao kiwiko hakinyooki au vidole vimeshikana, kwa moto uliowaunguza wakiwa watoto. Kovu lilifunga kidonda, likafunga na kiungo.

Basi ilibidi apandikizwe ngozi, na ngozi hiyo itoke kwake. Jibu la daktari halikuniingia moyoni kirahisi. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mama akienda sokoni. Iweje paja langu lisimfae? Nilianza kuuliza na kusoma, nikakuta kwamba kuna mtu mwingine, mbali na hapa na zamani, aliyetoa ngozi kwa ajili ya dada yake, na mwili wa dada ukaikataa.

Ilikuwa Glasgow, Scotland, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanabiolojia Peter Medawar na daktari mpasuaji Thomas Gibson walifuatilia matibabu ya mwanamke mmoja wa miaka 22 aliyeungua vibaya. Kidonda chake kiliwekwa vipande vidogo vya ngozi yake mwenyewe, na vingine vya kaka yake. Mwanzoni vyote vilionekana kushika. Baadaye vile vya kwake vikaendelea kustawi, na vya kaka vikaanza kuharibika mpaka vikaisha. Vilipowekwa tena vipande vya kaka yuleyule, viliharibika upesi zaidi kuliko mara ya kwanza. Mwili ulikuwa umeshajifunza kumtambua. Wawili hao waliandika waliyoyaona mwaka 1943, na utafiti ambao Medawar aliuendeleza kutokea hapo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia. Ni mapacha wa kufanana kabisa tu wanaoweza kupeana ngozi ikakaa bila dawa za kuutuliza mwili. Sisi wengine, hata tuliozaliwa tumbo moja, ngozi zetu ni ngeni kwa wenzetu.

Nililitafakari jambo hilo usiku mwingi nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Yapo mengi ambayo hayawezi kufanywa na mtu kwa niaba ya mwingine, hata apende vipi. Huwezi kuacha pombe kwa niaba ya mlevi. Huwezi kumaliza msiba wa mjane kwa kulia zaidi yake. Huwezi kusamehe kwa niaba ya aliyetendewa. Mzazi anaweza kumlipia mtoto kila kitu, ila si ujasiri wa kuanza upya baada ya kushindwa. Huo sharti uote ndani ya mtoto mwenyewe. Tunapolazimisha, tunafanya kama wale waliorudia kuweka ngozi ya kaka: mara ya pili inakataliwa haraka kuliko ya kwanza. Nimewaona watu waliosaidiwa hivyo, wamechoka kusaidiwa, na wasaidizi wao wamechoka kulaumiwa.

Nisingeishia hapo, maana ukomo wa undugu si mwisho wa kazi ya ndugu. Kazi yenyewe niliiona kadiri matibabu yalivyoendelea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha. Nilitarajia wamfunike upesi, kwa kuwa kukitazama kile kidonda kulituumiza sote. Daktari alikataa. Ngozi haipandikizwi juu ya usaha, wala juu ya nyama iliyokufa, wala juu ya mfupa mtupu uliopoteza utando wake. Inahitaji mahali penye damu. Kwa hiyo alirudishwa chumba cha upasuaji kukatwa nyama zilizokufa na kutolewa changarawe za lami zilizokuwa zimezama, na wodini kidonda kikaoshwa na kufungwa upya, siku baada ya siku. Mwanzoni kilikuwa na utando wa njano na harufu nzito. Asubuhi moja sista aliyekuwa akikifunga aliniita nisogee. Utando ulikuwa umeisha. Chini yake palikuwa na nyama nyekundu, mbichi, yenye chembechembe ndogondogo. Alipoigusa kwa gozi, vitone vya damu vikachomoza. Nilishtuka, yeye akatabasamu. "Hii inayotoa damu ndiyo tunayoitaka," akasema. "Sasa yuko tayari."

Maneno yale yalinipeleka kwenye vikao vyetu vya ukoo. Ni mara ngapi ndugu wamegombea shamba au mirathi, mmoja amedhulumiwa, na wazee wakasema yaishe, shikaneni mikono? Mikono inashikwa, chai inanywewa, na hakuna aliyeuliza hati ilibadilishwa na nani. Baada ya mwaka ugomvi unarudi ukiwa umeoza zaidi, tunashangaa. Tunapenda kufunika kwa sababu kutazama kunauma. Lakini kinachofunikwa juu ya usaha hakishiki. Kusema ukweli wote, kurudisha kilichochukuliwa, kukubali kwamba mtu aliumizwa, huko ndiko kuosha kidonda. Kunauma, na damu inachomoza, na ni hapo penye damu ndipo upatanisho unaweza kushika.

Kisha ikaja siku ya kuchuna. Kabla ya mgonjwa kupelekwa, daktari alinieleza kwa utulivu watakavyofanya. Kipande kinachochukuliwa pajani ni chembamba sana, kati ya milimita 0.2 na 0.4 hivi. Wanachukua tabaka la juu na sehemu tu ya tabaka la chini. Mashina ya vinyweleo na matezi ya jasho yanabaki, na humo ndimo zilimo chembe zitakazootesha ngozi mpya. Ndiyo maana paja hujiponya lenyewe, kwa kawaida katika muda wa wiki mbili hivi. Wakichuna kwa kina mno, paja nalo linageuka kidonda kinachodai ngozi kutoka mahali pengine. Usoni na mikononi wakati mwingine huhitajika ngozi ya unene wote, kwa kuwa hiyo haijivuti sana. Lakini hiyo huchukuliwa kidogo tu, nyuma ya sikio au kwenye kinena, na mahali ilipotoka lazima pashonwe.

Sayansi hii ya kutoa kwa kipimo ina umri mrefu. Mwaka 1869 huko Paris, Jacques-Louis Reverdin alionyesha kwamba vipande vidogo mno vya ngozi vikitawanywa juu ya kidonda vinaweza kushika na kuanza kutanuka. Mwaka 1964 zikaja mashine za kutoboa kipande cha ngozi vitundu vilivyopangwa kwa mistari, ili kitanuke na kufunika eneo kubwa kuliko lile kilikotoka, mara moja na nusu hadi mara tatu au zaidi. Kila hatua ilitafuta kitu kilekile: kidonda kipate cha kutosha, na penye afya pasiharibiwe.

Mdogo wangu aliporudi wodini, kila mgeni aliuliza habari za mguu. Mguu vipi? Mguu unauma? Siku ya pili akaninong'oneza: "Dada, mguu haunisumbui sana. Paja ndilo linaniunguza." Sista akanieleza kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi. Pale palipochunwa ncha za mishipa ya fahamu zimebaki wazi, hivyo maumivu yake mara nyingi huzidi ya kidonda chenyewe. Bandeji ya pale haibanduliwi ovyo. Inaachwa imeganda mpaka ngozi iote chini yake na iachie yenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya mapaja ya familia zetu. Karibu kila ukoo una mtu wa kuchunwa: kifungua mimba aliyepata kazi mjini, shangazi asiye na watoto, binti aliyeko Uarabuni anayetuma pesa kila mwezi. Ndiye mzima, basi ndiye anayetoa. Ada ni yeye, matanga ni yeye, bati la nyumba ya wazazi ni yeye. Tunauliza habari za mguu kila siku, habari za paja hatuulizi. Kutoa ni jema na sitaki mtu aliache. Bila paja, mguu ule usingefunikwa. Lakini anayetoa aachiwe mizizi. Aachiwe akiba ya kodi yake, muda wa kulala, mipango ya maisha yake. Na akishatoa apewe nafasi ya kuota tena kabla hajaombwa mara nyingine. Ukoo unaomchuna mmoja mpaka kwenye nyama utajikuta una vidonda viwili.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko zote: kutulia. Kipande cha ngozi kikishawekwa hakina mshipa wowote unaokilisha. Siku mbili za mwanzo kinaishi kwa kunyonya majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Kisha vijishipa vya damu vya chini vinaanza kuungana na vya juu, na kufikia siku ya tano hadi ya saba damu inapita. Ni kama mche wa mpunga uliohamishiwa jarubani: siku za kwanza unanyongea, na anayeupenda kweli haung'oi kuangalia kama umeshika. Damu ikivilia chini ya ngozi, inaitenganisha na chakula chake. Vile vitundu vinasaidia kuitoa nje. Vijidudu vikiingia, vinaiyeyusha. Na mguu ukichezacheza, vile vijishipa vyembamba vinakatika kabla havijakomaa. Kwa hiyo mguu wake uliinuliwa, ukafungwa bandeji nene na kuwekewa plasta nyuma usijikunje, naye akaambiwa alale.

Alale vipi? Pikipiki ile haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri wake, na kila siku ilidai hesabu. Ilihitaji fedha za kuitengeneza, na sasa ilikuwa imesimama. Nilimwona akihesabu kwa vidole gizani. Kulipokucha alitaka kuteremka kitandani ajaribu kukanyaga, nasi tukamsihi. Maneno hayakumtuliza. Waliomtuliza ni wenzake wa kijiweni. Walikuja jioni, wakasimama kuzunguka kitanda wakiwa na jaketi zao za kazi, na mkubwa wao akamwambia kwamba wameshaongea na tajiri, pikipiki itatengenezwa, mwenzao mmoja asiye na chombo ataiendesha, na hesabu itakwenda kama kawaida mpaka apone. Mzee wa kitanda cha jirani aliitikia "Amina" kana kwamba ni yeye aliyeombewa. Usiku ule mdogo wangu alilala bila kugeuka.

Hapo ndipo nilipoelewa nafasi yangu. Utulivu wa mgonjwa hulipiwa na watu wengine. Mwili wake ndio uliokuwa ukiungana mshipa kwa mshipa, na hakuna aliyeweza kuufanyia kazi hiyo. Lakini siku tano zile za kutosogea zilitengenezwa na hesabu ya kijiweni, na mama aliyempikia maharage, mayai na dagaa kwa sababu kidonda kinakula protini nyingi, na shemeji aliyemnyang'anya sigara kwa kuwa zinabana mishipa ya damu, na sista aliyewaambia wageni wasikae kitandani.

Siku ya tano nilikuwapo bandeji ilipofunguliwa. Sista alilowesha gozi kwa maji ya chumvi, akasubiri, akaibandua taratibu huku koleo lake limekandamiza ngozi isije ikafuata. Ilionekana ya rangi ya waridi iliyofifia, imejaa vitundu vidogo vya pembe nne vilivyopangana. Upande mmoja, karibu na kifundo, kijisehemu kilikuwa kimegeuka cheusi. Daktari alibonyeza pale penye waridi kwa kidole, rangi ikatoweka, akaachia, ikarudi. "Imeshika," akasema. Nikauliza kuhusu pale peusi. Akasema ni padogo, patajifunga kutoka kingoni. Nilishukuru kwa vyote viwili. Si lazima kila kipande kishike ndipo mtu aitwe amepona.

Wapo waliopona wakiwa na ngozi ndogo kuliko hiyo. Mwaka 1983, Boston nchini Marekani, walipokelewa ndugu wawili, watoto wa miaka 5 na 6, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Hakukuwa na paja la kuchuna. Zilichukuliwa punje za ngozi iliyosalia kwapani, na katika maabara ya Howard Green zikaoteshwa mpaka zikatosha kufunika karibu nusu ya mwili wa kila mmoja. Huku hayo yakingojewa, walifunikwa kwa ngozi iliyotoka kwa watu waliokwisha kufariki. Ngozi ile ya wengine haikudumu, wala haikutarajiwa kudumu. Iliwahifadhi mpaka ya kwao ilipokuwa tayari. Sijui heshima kubwa zaidi anayoweza kupewa msaidizi kuliko hiyo: kukaa mahali kwa muda, kuzuia kifo, kisha kupisha.

Na baada ya ngozi kushika, kubaki hai ni kazi yake nyingine. Ngozi iliyopandikizwa haitoi mafuta wala jasho kama ile ya zamani. Inakauka na kupasuka. Mdogo wangu anaipaka mafuta kila siku, anaikinga na jua, na kwa miezi mingi amevaa soksi ya kubana ili kovu lisiinuke. Rangi yake haijafanana na ya mguu wa pili, na alama za vile vitundu bado zinaonekana. Mwanzoni hakuvaa kaptula, kwa sababu ya macho ya watu.

Jambo hili la macho lilishughulikiwa mapema na Archibald McIndoe, mpasuaji mzaliwa wa New Zealand aliyetibu wanajeshi wa anga walioungua nyuso na mikono, katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead nchini Uingereza. Mwaka 1941 wagonjwa wake walianzisha chama chao, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. McIndoe alijua kwamba kisu chake pekee hakitoshi. Aliwaomba wenyeji wa mji wawakaribishe vijana wale majumbani, wakutane nao kwenye baa na sinema, wala wasiwakodolee macho. Mji ukaitikia, na kuitikia kwake kukawa sehemu ya tiba. Ni McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood aliyejifunza kwake na Tom Rees wa Marekani, waliokaa chini ya Mlima Kilimanjaro wakapanga huduma ya madaktari wa ndege kwa Afrika Mashariki. Ilianzishwa mwaka 1957, nayo ndiyo tunayoiita AMREF leo. Wazo la kwamba mgonjwa wa kijijini afuatwe huko aliko lilitoka kwa watu waliotumia miaka yao kufunika vidonda kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wakijua kwamba ngozi peke yake haimalizi kazi.

Siku hizi ndugu au rafiki akipatwa na pigo, la mwili au la moyo, sianzi tena kwa kutafuta nimpe nini cha kwangu kiwe mbadala wa chake. Namuuliza nini kinamzuia kutulia. Mara nyingi jibu ni dogo kuliko nilivyohofia, na liko ndani ya uwezo wangu: hesabu ya tajiri, mtoto wa kufuatwa shuleni, dawa ya jioni ambayo hakuna wa kuichukua, sufuria ya maharage. Nikilitimiza hilo, ninamwachia yeye sehemu iliyobaki, kwa kuwa ni yake, na kwa kuwa nimeuona mwili wa mdogo wangu ukiiweza.